Bwana Hewa na Miguu Arobaini

Mara ya kwanza alipoingia kwangu hakuniuliza jina, hakuniuliza kabila, hakuniuliza kama nimeolewa ama la, maswali ambayo wazee wote wa mtaa walikuwa wameshaniuliza. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akatoa themomita kwenye mfuko wa shati, akaitundika kwenye msumari wa kalenda yangu, akakaa. Nikaleta maji, hakuyagusa. Nikafungua mdomo niulize habari za nyumbani, akainua kidole ninyamaze. Basi tukakaa kimya kama robo saa, mimi na mtu nisiyemjua, kama watu wanaongoja majibu ya maabara. Kisha akasimama, akasogeza miwani, akasoma.

"Thelathini na nne na nusu. Pole sana, binti."

Akachukua themomita yake akaenda zake.

Nilikasirika, wallahi. Mimi ni mtu wa Tanga. Serikali ilipohamia Dodoma ilinihamisha na mafaili yangu, nikapanga kwanza Makole, nikajinyima, nikachukua mkopo kazini, mpaka nikapata kibanda changu huku juu ya mtaa wa Kikuyu. Bati la msauzi jekundu, madirisha ya aluminiamu mapana yanayotazama machweo, dari ya jipsamu yenye maua. Nilijiona nimefika. Halafu jirani anaingia mara ya kwanza, badala ya kuniambia hongera, ananiambia pole!

Mtaani tulimwita Bwana Hewa. Kama kuna Bwana Shamba na Bwana Afya, tuliona na yeye ana haki ya cheo, maana miaka yake yote ya kazi aliimaliza kwenye kituo cha kupima hali ya hewa, akisoma mvua, upepo na joto. Alistaafu kazi, hakustaafu kupima. Jina lake halisi nililiona siku moja juu ya bahasha, likanitoka. Ukoo wake siujui, na mwaka wake wa kuzaliwa siujui. Ninachokijua ni kwamba ukuta wake na wangu ulitenganishwa na uchochoro wa hatua nne, na kwa miaka yote ile nilimsikia akikohoa asubuhi kabla sijasikia jogoo.

Alipima kila mahali. Alipima kanisani, alipima kwenye foleni ya mashine ya kusaga, alipima kwa Mwenyekiti wa mtaa siku Mwenyekiti alipofungua nyumba yake mpya yenye vioo mpaka chini. Watu wanakula pilau, wanasifia, yeye kasimama sebuleni na miwani yake. "Mwenyekiti," akasema, "hapa unaweza kuoka mkate." Kuna waliocheka. Mwenyekiti hakucheka. Na msibani kwa mama mmoja wa mtaa wa pili, tumekaa chini ya turubai, wafiwa wanalia, Bwana Hewa akainuka akasoma themomita aliyoifunga kwenye mlingoti, akatangaza kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ni thelathini na sita, kwa hiyo wazee wahamishiwe kwenye mwarobaini. Watu waliguna. Lakini wazee walihamishwa, na bibi mmoja aliyekuwa ameanza kuona kizunguzungu alipata nafuu. Hakuna aliyekumbuka kumshukuru.

Alikuwa na misemo yake. "Feni haipozi, inakutembezea joto lako mwenyewe." "Kivuli hakina bili." Ukimwambia Dodoma ni kame atakujibu, "Dodoma haina kosa, kosa ni la wanaojenga kama wako Ulaya." Na hakuwa mtu wa kukadiria. Ukisema "kama thelathini hivi" atakusahihisha: "Ishirini na tisa na nukta nne. 'Kama' ni ya wauza vitumbua." Alinikera sana kwa hilo. Mimi ni mtu wa kama.

Sasa usidhani alikuwa amenyooka kila upande. Mtu huyu aliyechukia joto alikunywa chai ya kuunguza ulimi saa nane mchana, jua kali. Alivaa sweta la kijivu mwezi wa kumi. Na yeye aliyeyatukana mabati kila siku, mvua ikianza tu kunyesha alikuja barazani kwangu. Mara ya kwanza nilidhani anajikinga. "Karibu ndani, mzee wangu, utalowa." Akakataa. Alisimama pale, kichwa kakiinamisha upande mmoja, mvua inapiga bati. Ilipokatika akaniaga.

"Ulikuwa na shida?" nikamuuliza.

"Nimekuja kusikiliza. Kwangu haisikiki tena."

Kwake haikusikika kwa sababu bati lake alikuwa amelishusha, akaliuza. Na hapo ndipo ilipo habari yenyewe, nikiwa na ujasiri wa kuisema yote.

Alikuwa na mke. Mimi nilimkuta, mama mnene mpole, mcheshi, anayekuita "mwanangu" kabla hajakujua. Alikuwa na presha na miguu ya kuvimba, na miezi ya joto ilimtesa. Ile nyumba yao ilikuwa kama zetu, tofali za saruji na bati. Mchana alikuwa analala chini kwenye sakafu, kanga imeloweshwa maji. Mwishowe mtoto wao wa kiume akaja na gari akamchukua Dar es Salaam. Dar, jamani, mji wa jasho! Lakini kijana alikuwa na kiyoyozi chumbani. Akamwambia baba yake, "Mzee, nakununulia kimoja, tunakifunga, mama anarudi, yameisha." Bwana Hewa akakataa katakata. Alisema mtu aliyepima hewa ya nchi hii maisha yake yote hawezi kuishi na mkewe ndani ya jokofu. Nadhani kulikuwa na kiburi humo, na nadhani alijua. Mama naye alipokuwa anapanda gari alimwambia, mbele yangu, "Baba, siku nyumba ikipoa nitarudi." Alisema kwa utani. Yeye aliipokea kauli ile kama hati ya mahakama.

Tangu siku ile, kila saa nane mchana alimpigia. Kuta zetu zikiwa karibu, na yeye akiiweka simu sauti ya juu, nilisikia.

"Ndani thelathini na tatu na nukta mbili," anasema.

"Na nje?"

"Thelathini na mbili."

"Umekula?"

"Nimekula."

Basi, hayo tu. Nilikuwa nacheka mwanzoni. Baadaye nikawa nikikosa kuyasikia, siku nilizokuwa ofisini, naona kama siku haijapita vizuri.

Kiinua mgongo chake chote kiliingia kwenye nyumba ile. Alianza na kuta: akazungushia ukuta wa pili wa tofali za udongo, mnene wa kuweka mkono mpaka kwenye kiwiko, katikati akaacha nafasi. Madirisha ya machweo akayaziba, akabakiza vijitundu. Watu wakasema anajenga ghala. Akapanda basi mpaka Chemba kumtafuta bibi mmoja aliyesifika kwa udongo wa paa, akakaa kwake siku nne, akarudi na gunia la udongo wa mfano na daftari limejaa. Kisha akashusha bati. Akaweka nguzo, magogo, fito, mabua ya mtama, na juu yake udongo, paa bapa la tembe, katikati ya mtaa wa mabati ya msauzi.

Loo, mtaa ulicheka! "Watu wanatoka kwenye tembe, yeye anarudi." Fundi mwenyewe alikuwa anaona haya, alikuja kazini amejifunika kofia. Gharama ilikuwa kubwa kuliko bati, na hilo ndilo lililowachekesha zaidi, kwamba mtu amelipa hela nyingi kuwa na nyumba ya babu yake.

Sasa, udongo wa paa una masharti. Alinieleza mara nyingi mpaka nikayakariri. Unawekwa mbichi, unakanyagwa kwa miguu ya watu, na unakanyagwa wote siku moja, maana upande mmoja ukikauka kabla ya mwingine, hapo kwenye maungio patapasuka na mvua ya kwanza itaingia. Wazee wa Kigogo waliliweza hilo kwa sababu paa likiwekwa watu walikuja kijiji kizima, na pombe ilipikwa, na wimbo ukaimbwa. Bwana Hewa hakuwa na kijiji. Alikuwa na sisi.

Akaandika kwenye grupu la mtaa kwenye simu. Bado ninao ujumbe wenyewe, na salamu yake ya Kigogo: "Ndugu majirani, mbukwenyi. Jumamosi saa kumi na mbili kamili asubuhi nahitaji miguu arobaini, yaani watu ishirini. Msije na kitu, mje na miguu yenu. Chai ipo."

Tukajibu. Tulijibu vizuri sana. Mikono ya dua ikamiminika, "Mungu akutangulie mzee wetu," "Hongera kwa ujenzi." Kisha Mwenyekiti, aliyekuwa bado ana kinyongo cha mkate, lakini ni mtu wa kujua wajibu, akafungua orodha kama tunavyofanya kwa harusi na misiba: namba moja, Mwenyekiti, elfu hamsini. Wa pili akainakili akaongeza jina lake, elfu kumi. Wa tatu, wa nne. Mimi nilikuwa wa tisa, elfu ishirini. Nilituma kwa simu palepale nikiwa ofisini, na hela ya kutolea juu, nikasikia raha ya mtu aliyemaliza jambo. Jumamosi ile nilikuwa na sendoff ya mwenzangu wa kazini. Mpaka Alhamisi orodha ilikuwa na majina kumi na manne na haina mguu hata mmoja.

Ijumaa asubuhi simu yangu ikalia. Bwana Hewa amenirudishia elfu ishirini, na ya kutolea. Alimrudishia kila mtu, mmoja mmoja, kiasi kilekile, na ya kutolea. Kwenye grupu akaandika: "Asanteni. Mimi niliomba miguu."

Grupu likanyamaza kama limezimwa. Mwishoni mtu mmoja akaandika, "Basi sawa, mzee."

Nani asiyejua kwamba ukimrudishia mtu mchango wake umemrudisha mwenyewe? Hata kwetu Tanga, hata kwa Wagogo, hata kwa Wachagga. Tulinuna. Nasema tulinuna maana na mimi nilinuna, tena sana. Nilijiambia, elfu ishirini yangu ina kasoro gani? Asubuhi ya Jumamosi nilitoka na kilemba changu cha sendoff, nikapita mbele ya kwake. Alikuwa kasimama mlangoni, suruali kaipandisha mpaka magotini, anatazama njia. Nikamwamkia. Akaitika. Nikaendelea na safari.

Paa lilikanyagwa na vibarua alioenda kuwachukua njia panda. Na kumbe alikuwa sahihi, mzee yule, alikuwa sahihi kwa kila nukta! Wiki tatu baadaye nikamsikia saa nane mchana: "Ndani ishirini na tano na nukta moja."

"Unanidanganya, Baba."

"Mimi?"

Wiki iliyofuata akaja. Niliona gari la kijana wake, nikamwona mama anashuka polepole, anashika ukuta ule wa udongo kwa kiganja kama anayempima mtoto homa. Nikasema kesho nitakwenda kumsalimu. Nikapika visheti kabisa. Lakini kesho yake nikawaza, nitaanzaje kuingia nyumba ya mtu aliyenirudishia hela yangu? Waende wengine kwanza. Na wengine, nimejua baadaye, kila mmoja alikuwa akimngoja mwingine. Mama yule aliyekuwa akijaza wageni mpaka wanakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, siku tano hakubishiwa hodi. Visheti nilivila mwenyewe.

Siku ya sita asubuhi nilimsikia mama kupitia vile vijitundu vya ukutani. Hakuwa na hasira, ndiyo maana iliuma. "Nyumba imepoa, Baba, sikatai. Lakini watu wako wapi? Nakaa humu kama nimeshazikwa."

Gari likaja likamchukua.

Mwaka mzima uliofuata Bwana Hewa hakupima nyumba ya mtu yeyote. Saa nane aliendelea kupiga simu, na mimi niliendelea kusikia. Ndani ishirini na tano. Na nje? Thelathini na tatu. Umekula? Nimekula. Jioni alikaa barazani kwake peke yake na sweta lake. Nikipita namwamkia, anaitika, yamekwisha; mvua tu ndiyo iliyomleta barazani kwangu, ikikatika anaondoka. Sijui kwa nini sikusimama hata mara moja. Ninajua, ila ninaona aibu.

Mwezi wa kumi na moja ulipofika, Jumapili moja mchana, nikasikia hodi. Ni yeye. Akakaa kwenye kiti kilekile cha siku ya kwanza, chini ya feni yangu, jasho linamtoka. Mkono wake ukaenda mfukoni. Nikatazama msumari wa kalenda. Akatoa simu.

"Ile elfu ishirini yako," akasema. "Ulinitumia nikakurudishia."

"Naikumbuka, mzee wangu."

"Naiomba."

Nilishtuka. "Unaumwa? Una shida gani?"

"Paa limepasuka kwa jua, ndiyo kawaida yake, kila mwaka linataka udongo mpya. Jumamosi nalikanyagisha. Mke wangu amenieleza kosa langu. Sasa nazunguka kwa kila niliyemrudishia. Nimeanza na wewe, uko karibu."

"Basi safari hii nitakuja mwenyewe, na miguu yangu."

Akatikisa kichwa. "Hapana, binti. Nipe kilekile ulichonipa."

Nikatuma palepale, na ya kutolea. Simu yake ikalia. Akasogeza miwani, akausoma ujumbe taratibu mpaka mwisho kama alivyokuwa akisoma themomita, akasema, "Asante kwa mchango wako." Kisha akaenda kwa jirani wa pili. Wengine walimpa, wengine walisema watamtumia mwisho wa mwezi. Mwenyekiti alimkumbusha kwamba alisema hataki, halafu akampa.

Jumamosi nilikwenda ingawa alinikatalia. Juu ya paa walikuwa vibarua wanne wanakanyaga udongo bila wimbo. Chini ya mwarobaini alikuwa amekodi viti vya plastiki ishirini, kavipanga safu mbili. Kwenye meza, chupa nne za chai na vikombe ishirini vimefunikwa kitambaa. Hapakuwa na mtu. Nikakaa safu ya mbele. Akanikaribisha kwa heshima kama mgeni wa harusi, akakaa karibu yangu. Tukangoja. Saa tano, saa sita, saa saba. Majirani walikuwa wameshachanga, wangekuja kufanya nini?

Saa nane kamili akapiga simu. Aliiweka sauti ya juu kama kawaida yake, maana masikio yake yalikuwa yamechoka.

"Ndani ngapi?" mama akauliza.

"Leo sijapima."

"Na watu? Wamekuja?"

Akavitazama vile viti. Huyu ni mtu ambaye sikuwahi kumsikia akiongeza hata nusu digrii.

"Wamekuja," akasema.

"Wangapi?"

"Wamejaa."

"Hebu nimsalimie mmoja."

Akaninyooshea simu bila kunitazama. Nikaamkia. "Marahaba, mwanangu wa Tanga!" Alinitambua kwa sauti, jamani. "Mbona kimya hivyo? Wenzio wako wapi?"

"Wako juu, mama," nikasema. "Wanakanyaga."

"Mungu awabariki. Mwambie mzee nitakuja Krismasi. Na waambie wote nakuja, nataka kuwaona."

Nikamrudishia simu. Alikuwa amesikia. Aliishika mikononi muda mrefu baada ya mama kukata.

"Amesema tuwaambie wote," akasema.

"Amesema."

Nikavua viatu, nikapandisha gauni, nikapanda ngazi. Vibarua wakasogea wakanipa nafasi. Udongo ulikuwa wa baridi mpaka kwenye vifundo vya miguu. Nilikanyaga bila kujua kukanyaga, machozi yananitoka, na huko juu nikawa naona mabati yetu yote yanavyowaka jua, na milango yote imefungwa. Nilipotazama chini, Bwana Hewa alikuwa ameondoa kile kitambaa. Alikuwa anapita kwenye meza polepole, anamimina chai kwenye vikombe vyote ishirini.